Mzigo au Furushi? Mwongozo Kamili kwa Mkristo Ambaye Msaada Wake Umeanza Kupita Kiasi

Huku kwetu Malindi simu ikilia saa kumi na moja alfajiri, ni mawili: kuna aliyefariki, au kuna anayetaka kutumiwa pesa. Yangu mimi ilikuwa ya pili, kwa miezi kumi na minne mfululizo. "Dada, samahani kwa kukuamsha. Mwenye nyumba ameweka kufuli yake. Nitumie elfu tatu tu, na ya kutolea." Ni sauti ya kitinda mimba wetu, dereva wa tuktuk, amepanga chumba Muyeye. Na kila mwezi ilikuwa mara ya mwisho.

Nilikuwa natuma. Mimi ni mama wa kanisa, mweka hazina wa kamati yetu ya msaada, nimekulia kwenye "kutoa ni moyo, usambe ni utajiri". Nani angenifundisha kukataa? Nilikuja kufundishwa na binti yangu siku aliporudishwa nyumbani kwa karo. Alisimama mlangoni na begi mgongoni saa nne asubuhi, mimi nimetoka kutuma kodi ya mjomba wake jana yake. Hakusema neno. Alivua viatu, akaingia ndani, akaanza kuosha vyombo.

Ninayoyaandika hapa nimeyapata baada ya siku ile, kwa Biblia, kwa makosa yangu, na kwa kukaa kwenye kamati ambayo kila Jumapili baada ya ibada inapokea watu wasiopungua wanne wenye shida. Chukua kalamu, maana hatua ya kwanza haifanyiki kichwani.

Hatua ya 1: Andika

Usianze kwa maombi, utanisamehe. Anza kwa daftari. Omba taarifa ya M-Pesa yako ya miezi mitatu iliyopita, kwa *334# au kwenye programu ya simu, kisha chora safu tano: nani, kiasi gani, kwa sababu gani, ni mara ya ngapi kwa sababu hiyo hiyo, na nani nyumbani kwako alikosa nini kwa ajili hiyo.

Safu ya nne na ya tano ndizo zitakazokutoa jasho. Mimi nilipojumlisha miezi yote kumi na minne nilipata kodi pekee ni shilingi 42,000. Kama ungeniuliza kabla ya kuandika ningekuambia "kama elfu kumi na tano hivi". Moyo wa huruma haujui hesabu, ndiyo maana unahitaji karatasi.

Andika pia msaada usio wa pesa. Usiku uliokesha ukisikiliza ugomvi wa ndoa ya mtu. Watoto uliolea "kwa wiki moja". Barua ulizoandika, foleni ulizopangia watu. Hivyo navyo vina gharama.

Hatua ya 2: Tenganisha mzigo na furushi

Hapa ndipo kiini kilipo, nitakaa kidogo.

Fungua Wagalatia 6. Mstari wa 2 unasema, "Mchukuliane mizigo, na kuitimiza hivyo sheria ya Kristo." Shuka mistari mitatu tu, mstari wa 5: "Maana kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe." Niliisoma sura hii miaka mingi nikidhani Paulo amejisahau. Hajajisahau. Katika Kigiriki ametumia maneno mawili tofauti, na waliotafsiri Biblia yetu ya Kiswahili wakawa makini wakatupa maneno mawili vilevile. Mzigo ni uzito unaomwelemea mtu hata apige magoti. Furushi ni shehena ya kawaida, ile ambayo kila anayesafiri hufunga yake na kubeba yake.

Nenda sokoni uone. Gunia la nazi la kilo tisini mtu hajitwishi peke yake, lazima mwenzake amwinulie upande wa pili. Lakini mama aliyekuja na kikapu chake kununua mboga, ukimpokonya kikapu kila siku ukambebea, wiki ya tatu atakuja bila kikapu.

Basi rudi kwenye daftari, na mbele ya kila jina andika M au F.

Mtoto amepata degedege usiku na hakuna nauli ya hospitali: M, usiulize maswali. Msiba: M. Mto Sabaki umefurika na shamba la mahindi limekwenda na maji: M. Mwaka 2020 ndege zilipoacha kuleta watalii na hoteli zikafungwa kwa mkupuo, mji mzima ulikuwa chini ya gunia, na waliokuwa na unga waligawana na wasiokuwa nao. Hiyo ndiyo sheria ya Kristo yenyewe.

Kodi ya kila mwezi ya mtu mzima mwenye afya na kazi: F. Deni la kubeti: F, tena kubwa. Kuamka mapema, kumwomba mkewe msamaha, kumpelekea mwenye chombo hesabu yake ya siku: F, F, F.

Kuna ya katikati, nayo ndiyo mengi. Chukua mhudumu wa hoteli anayesimamishwa kazi Aprili wageni wakiondoka. Mwaka wa kwanza ni mzigo, hakujua. Mwaka wa tano? Masika huja kila mwaka, na Desemba alikuwa na pesa. Maoni yangu ni kwamba mwaka wa tano ni furushi, ila watoto wake wasilale njaa kwa sababu baba yao hakuweka akiba. Kwa hiyo unampelekea mama wa watoto unga na maharagwe, na baba unamkalisha mpange Desemba ijayo pamoja. Utaona kwamba nyumba moja inaweza kuwa na M na F kwa wakati mmoja. Usiikimbie kazi ya kuzitenganisha.

Na usimwonee mtu kwa 2 Wathesalonike 3:10, mstari ambao matajiri wanaupenda mno. Paulo alisema "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula". Hataki. Hakusema asiyepata, mgonjwa, wala mama mwenye mapacha mgongoni.

Hatua ya 3: Tazama nani hasa anayelipa

Safu ya tano ya daftari. Ukitoa cha kwako umetoa sadaka. Ukitoa cha karo ya mwanao bila yeye kuulizwa, aliyetoa ni mwanao, wewe umepokea tu shukrani.

1 Timotheo 5:8 ni mkali kuhusu asiyewatunza wa nyumbani mwake: ameikana imani. Na Yesu katika Marko 7 aliwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, hivyo wazazi wao hawapati kitu. Sadaka ilikuwa kisingizio kitakatifu. Siku hizi hatusemi Korbani. Tunasema "huduma".

Kuna kipimo kirefu zaidi katika 2 Wakorintho 8, pale Paulo anapochangisha kwa ajili ya watu wa Yerusalemu. Anasema wazi kwamba hachangishi ili wengine wapumue na wao wataabike. Kitolewacho hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa asicho nacho. Maana yake, ukikopa Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, ili utoe, umetoa usicho nacho. Jirani yangu Mwislamu hunicheka kwenye jambo hili. Zaka yake ina kiwango, asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini kilichowekwa, na kukaa mwaka, na wanaostahiki kupewa wametajwa. "Nyinyi," aliniambia akichambua mchicha, "mnatoa mpaka mnalia, halafu mnawalaumu mliowapa." Sikuwa na jibu siku hiyo.

Hatua ya 4: Msome upya Msamaria

Kila anayetaka kitu kwako atakutajia Msamaria mwema. Vizuri, tumsome, Luka 10, polepole.

Alimkuta mtu amepigwa, yu karibu kufa. Huo ni mzigo, hakuna ubishi. Akatumia alivyokuwa navyo: mafuta, divai, mnyama wake. Akamfikisha nyumba ya wageni, akamwuguza usiku ule. Asubuhi akatoa dinari mbili, ujira wa siku mbili za kibarua, akamkabidhi mwenye nyumba, akaahidi kulipa ziada akirudi. Kisha akaondoka.

Akaondoka! Hakufuta safari. Hakumhamishia mgonjwa kwake, wala hakuwa yeye daktari, mpishi na mlinzi. Alimweka mikononi mwa mwenye nyumba ambaye kazi yake ni hiyo, akaweka kiasi, akaweka siku ya kufuatilia. Wahenga wetu walilisema kwa maneno manne: tenda wema nenda zako. Wengi huichukua kuwa ni kutotarajia malipo, na ni kweli, lakini "nenda zako" nayo ni amri. Mimi nilikuwa natenda wema nakaa pale pale.

Na atakayekubana kwa Mathayo 5:42, "Akuombaye, mpe", mjibu kwa Petro mlangoni pa hekalu. Kiwete aliomba pesa. Petro akasema, "Mimi sina fedha, wala dhahabu, lakini nilicho nacho ndicho nikupacho." Alimpa, ila hakumpa alichoomba.

Hatua ya 5: Jikague mwenyewe

Dalili za nje ni rahisi. Unaficha kwa mumeo au mkeo. Simu yake ikiita tumbo linakaza. Hasemi tena "naomba", anasema "usisahau". Unamsaidia kutoka shimo lile lile. Mithali 19:19 inaonya juu ya mtu wa hasira kwamba ukimwokoa leo itakubidi umwokoe tena, na wala si hasira tu iliyo hivyo.

Dalili ya ndani ni ngumu kuiandika. Kwa miezi ile nilikuwa napenda kuitwa. Ndugu zangu wengine walikuwa hawamsaidii, basi mimi ndiye nilikuwa dada mwema. Kama kijana angejitegemea, ningebaki nani? Yesu alimwuliza mgonjwa wa birika la Bethzatha, bwawa ambalo wagonjwa walilala kando yake wakingoja kuponywa, "Wataka kuwa mzima?" Swali hilo mwulize unayemsaidia, lakini kwanza jiulize wewe: nataka huyu apone? Au nimezoea kuwa birika?

Musa naye alikaa kuamua mashauri ya watu toka asubuhi hata jioni, mpaka mkwewe Yethro akamwambia, "Jambo hili ufanyalo si jema," kwamba atajichosha yeye na hao watu pia. Ona, na hao watu pia. Foleni ya mtu mmoja huwachosha waliopanga.

Hatua ya 6: Jifunze kukataa bila kusema uongo

Waswahili tuna adabu nyingi, na adabu zetu zimetufundisha kusema "sina" badala ya "sitatoa". Kisha unapatikana dukani ukinunua mafuta, na aibu inakuwa yako. Yesu alisema ndiyo iwe ndiyo, na siyo iwe siyo.

Usijibu papo hapo, isipokuwa ni ugonjwa au hatari. Sema: "Nimekusikia. Nitakujibu kesho saa mbili." Halafu mpigie kweli saa mbili. Ombi ambalo haliwezi kungoja usiku mmoja, mara nyingi ni kwa sababu mwombaji anaogopa utafikiri.

Kwa mdogo wako: "Ndugu yangu, kodi sitalipa tena, mwezi huu wala ujao. Ukija kula, sahani yako ipo." Kwa mkubwa wako huwezi kusema hivyo, heshima haituruhusu, basi: "Shikamoo mjomba. Nimelitazama jambo lako na baba watoto. Tunachoweza ni elfu moja, na hatutaweza zaidi ya hapo mwaka huu. Naomba radhi." Ukitaja kwamba mmekaa wawili, unakuwa umemsitiri na kujisitiri. Hakikisha tu mmekaa kweli.

Sema mara moja, kwa sentensi fupi. Ukianza kujieleza sana, kila sababu unayotoa inakuwa mlango wa majadiliano.

Ukiamua kutoa, toa kitu kielekee mahali pake. Karo lipa kwenye akaunti ya shule yenyewe, dawa nunua famasi, chakula peleka kikiwa chakula. Mwenye haja ya kweli hukasirika kwa nadra akilipiwa moja kwa moja. Na taja mwisho tangu mwanzo: mara hii, au miezi miwili, na tarehe.

Hatua ya 7: Udhamini

Fupi. Usimdhamini mtu mkopo ambao huwezi kuulipa wewe. Mithali 22:26-27 inauliza kwa nini uje unyang'anywe kitanda unacholalia. Ukisaini kwenye chama au benki, hesabu kwamba umeshakopa wewe, na kama moyo bado umetulia, saini. Nimeona ndoa mbili kanisani kwetu zikitikisika kwa saini, wala si kwa uzinzi.

Hatua ya 8: Jua mambo yasiyo yako

Kuna shida ambazo upendo wako hauna ujuzi nazo, na ukizing'ang'ania unamchelewesha mtu. Kijana aliyezama kwenye unga, yaani heroini, ugonjwa ambao mji wetu unaujua vizuri, hatoki kwa kulipiwa madeni wala kwa kukemewa mapepo peke yake. Hospitali ya kaunti ndogo hapa Malindi ina kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini. Mpeleke, na umwombee njiani. Mtoto anayeumizwa hasuluhishwi na wazee kwa mbuzi: piga 116, simu ya watoto. Mwanamke anayepigwa, 1195. Kumficha mpigaji kwa kuwa ni mzee wa kanisa si kusitiri aibu.

Hata Yesu kuna kesi aliyoikataa. Katika Luka 12 mtu mmoja alimtaka amwambie ndugu yake wagawane urithi, akauliza ni nani aliyemweka awe mwamuzi juu yao. Sisi tunaitwa kwenye vikao vya mashamba kila wiki na tunakwenda.

Hatua ya 9: Peleka mzigo kwa kanisa, kwa utaratibu

Wajane wa Yerusalemu waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakukimbia na masufuria. Walichaguliwa watu saba, Matendo 6. Na 1 Timotheo 5 inaonyesha kanisa lilikuwa na orodha ya wajane, yenye umri, miaka sitini, na yenye masharti, na kwamba mwenye jamaa anayeweza kumtunza, jamaa atangulie ili kanisa lisilemewe. Kwa hiyo ukiombwa na kamati yako barua ya jirani au jina la shangazi, usione umedharauliwa.

Sisi tunafanya hivi: watu wawili humtembelea mwombaji, kamwe asiende mmoja, tunauliza nani katika ukoo ameshaambiwa, tunasaidia kwa muda uliotajwa, na kila robo mwaka waumini husomewa kiasi kilichoingia na kutoka, bila majina ya waliosaidiwa.

Kipimo hicho hicho kitumie kwa anayekuomba kwa jina la Mungu. Tunaishi karibu na Shakahola. Mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili huko msituni, ikapita 400, ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga mpaka kufa. Wengine walikuwa wameshauza walivyokuwa navyo. Mhubiri yeyote anayekuambia imani haina kikomo, na kwamba kuuliza ni dhambi, mwondokee mapema. Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi, katika Marko 6, waende faraghani wapumzike, kwa kuwa waliokuja na kwenda walikuwa wengi hata hawakuwa na nafasi ya kula.

Hatua ya 10: Vumilia wiki sita

Ukiacha kubeba furushi la mtu, litaanguka kwa kishindo, na kelele zitakuja kwako. Utaambiwa umebadilika. Utatajwa kwenye kundi la familia la WhatsApp. Shangazi atakupigia kukukumbusha nani alikubeba mgongoni ulipokuwa na surua. Usijibu kwenye kundi. Mtembelee shangazi ana kwa ana na kilo moja ya sukari, msikilize mpaka amalize, umwambie hali yako kwa utulivu.

Hatia itakuja pia, hasa usiku. Mimi ilinichukua kama wiki sita. Katika muda huo usimtenge uliyemkatalia: mpigie kumjulia hali, mwalike kula, nenda akiugua. Baba wa mwana mpotevu hakumfuata na chakula nchi ya mbali, lakini alimwona angali mbali akamkimbilia. Kabla ya kumwona alikuwa anatazama njia.

Mdogo wangu alitolewa Muyeye mwezi ule ule niliokataa. Vyombo vyake vilikaa nje siku mbili. Alihamia kwa rafiki yake Kisumu Ndogo, wanalala wawili chumba kimoja, na kubeti sijui kama ameacha. Miezi minne hakuongea nami. Juzi Jumapili akapiga, jioni, si alfajiri. Akauliza habari za mtoto, akaniambia mvua imeharibu barabara na abiria ni wachache. Halafu akanyamaza. Nikangoja ile "nitumie", mkono umeshika kalamu.

"Haya dada," akasema, "msalimie mjomba wangu."

Ndivyo anavyomwita binti yangu tangu akiwa mchanga. Akakata. Nikabaki na daftari wazi mezani, sina la kuandika.